KUPE WA MAABARA WANAKULA DAMU YA NANI?

Ndugu mkulima, kama unafuga ng'ombe wa gredi katika shamba lako la skimu, huko Sotik au Kipkelion, au penginepo katika nchi yetu ya chai, huna haja ya kuelezwa kupe ni nani. Majani chai hukupa malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka, lakini maziwa ndiyo yanayonunua chumvi na sukari kila siku. Na adui mkubwa wa maziwa ni kupe.

Kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia, ndiye anayeeneza ndigana kali. Unajua dalili zake: tezi chini ya sikio huvimba, ng'ombe hushikwa na homa, huacha kula, hukohoa, povu humtoka puani, na asipotibiwa mapema hufa. Ng'ombe wa gredi hana nguvu ya kuushinda ugonjwa huu kama alivyo nayo ng'ombe wa asili aliyezaliwa mahali penye kupe.

Basi pengine utashangaa kusikia kwamba wako watu wanaofuga kupe kwa makusudi. Wanawafuga kwa maelfu, wanawahesabu, na wanawalisha vizuri kuliko wewe unavyomlisha kuku wako. Wengine hufuga mbu. Wengine hufuga mbung'o. Na wadudu hawa wote huhitaji damu. Je, ni damu ya nani? Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza mwezi huu, kwa maana linakuhusu wewe, ndama wako, na hata sungura wa watoto wako.

KWA NINI WADUDU WABAYA WAFUGWE?

Mtu hawezi kumshinda adui asiyemjua. Dawa ya josho lazima ijaribiwe kwa kupe kabla haijauzwa dukani. Neti yenye dawa lazima ijaribiwe kwa mbu. Mtaalamu anayetaka kujua ugonjwa unavyopita kutoka kwa mdudu hadi kwa mnyama lazima awe na wadudu safi, wasio na ugonjwa wowote, ambao umri wao anaujua. Wadudu wa namna hiyo hawaokotwi porini. Hufugwa maabarani kizazi baada ya kizazi.

Hapa Kenya kazi hiyo imefanywa kwa miaka mingi. Muguga, karibu na Nairobi, ni mahali palipojulikana tangu zamani kwa utafiti wa magonjwa ya mifugo. ICIPE, kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu, kilianzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, ilianzishwa Kabete mwaka 1973, na tangu 1994 imekuwa sehemu ya shirika liitwalo ILRI. Mahali pote hapo wadudu wanyonya damu wamefugwa, na wote wamehitaji kulishwa.

DESTURI YA ZAMANI

Njia ya kwanza iliyotumika ni ile iliyo nyepesi kufikiriwa: mpe mdudu mnyama aliye hai. Mbung'o waliwekwa ndani ya vizimba vidogo vya wavu, na vizimba hivyo vikashikizwa juu ya ubavu wa mbuzi au sikio la sungura. Mbu walipewa mnyama mdogo aliyefungwa asiweze kujitikisa. Mara nyingine mtumishi wa maabara aliingiza mkono wake mwenyewe ndani ya kizimba cha mbu na kuuacha humo mpaka mbu washibe.

Kwa upande wa kupe, mfuko wa kitambaa hubandikwa kwa gundi juu ya sikio la sungura, kupe hutiwa ndani, na sungura huvalishwa kola shingoni ili asijikune wala asiung'oe mfuko. Kupe hukaa humo kwa siku kadhaa. Fikiri wewe mwenyewe jinsi siku hizo zilivyo. Sikio huvimba, huwasha, na sungura hawezi kulifikia.

Wataalamu wenyewe waliona kwamba njia hii ina hasara, na si kwa sababu ya huruma peke yake. Kwanza, sungura lazima wafugwe, walishwe, wasafishiwe vizimba na kutibiwa, na hiyo ni gharama kubwa. Pili, sungura aliyeumwa na kupe mara kwa mara mwili wake hujifunza kuwakataa, na kupe watakaofuata hawashibi vizuri tena. Kwa hiyo lazima aletwe sungura mwingine, na mwingine. Tatu, wanyama hawafanani. Majaribio yaliyofanywa juu ya sungura dhaifu hayatoi jibu moja na majaribio yaliyofanywa juu ya sungura mwenye nguvu.

UTANDO NA DAMU YA KICHINJIONI

Njia mpya ni hii. Damu hukusanywa kwa usafi kichinjioni, kutoka kwa ng'ombe ambaye angechinjwa vivyo hivyo kwa ajili ya nyama. Damu hiyo hukorogwa ili isigande. Kisha humwagwa katika sahani pana iliyo juu ya bamba lenye moto wa kadiri, kama digrii 37, yaani joto linalokaribia la mwili wa mnyama. Juu ya damu hulazwa utando mwembamba. Mdudu husimama juu ya utando, husikia joto chini yake, hutoboa kwa mdomo wake na kunywa. Yeye hajui kwamba chini ya utando huo hakuna ng'ombe.

Habari ya kukoroga damu haitakuwa ngeni kwa wazee wa Kipsigis. Wao walijua kumtoa damu ng'ombe shingoni kwa mshale mfupi, kidonda kikafungwa, na mnyama akarudi malishoni akiwa mzima. Damu ile ilikorogwa kwa kijiti mpaka nyuzi za kugandisha zikajiviringisha juu ya kijiti, na iliyobaki ikawa majimaji ya kuchanganywa na maziwa. Maabarani leo hufanywa kazi ile ile kwa mashine au kwa fimbo safi, kisha damu huwekwa katika baridi kali mpaka siku ya kutumiwa.

Kilichokuwa kigumu ni utando. Kwanza watu walitumia ngozi za wanyama zilizotayarishwa, au matumbo membamba kama yale ya kutengenezea soseji. Mwaka 1964 wataalamu wa Marekani walitangaza kikombe cha kioo cha kulishia mbu, chenye maji ya moto yanayozunguka pembeni ili damu isipoe. Mwaka 1976 Bauer na Wetzel wa Ujerumani walitangaza utando wa silikoni wa kulishia mbung'o. Silikoni ni kitu kama mpira laini. Mbung'o akiutoboa, tundu hujifunga lenyewe na damu haivuji. Utando huo huoshwa, huchemshwa, na kutumiwa tena.

HABARI YA UNGUJA

Usifikiri kwamba haya ni mambo ya kuchezea katika vyumba vya Ulaya. Tazama yaliyotendeka Unguja.

Kisiwa hicho kilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, waliokuwa wakieneza nagana kwa ng'ombe. Serikali, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, iliamua kuwamaliza kwa njia ya kuwahasi madume. Mbung'o walifugwa kwa wingi katika taasisi ya Tanga, Tanzania Bara. Madume yalipigwa miale ili yasiweze kuzalisha, kisha yakamwagwa kutoka kwenye ndege juu ya misitu na mashamba ya Unguja. Jike la porini likipandwa na dume kama hilo halizai. Tangu 1994 mpaka 1997 zaidi ya madume milioni 8 yaliachiliwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Sasa fanya hesabu. Mbung'o, dume na jike, hana chakula kingine ila damu, na lazima alishwe mara kadhaa kila juma. Jike huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10. Ili upate mamilioni ya madume ya kuachilia, lazima ulishe kundi kubwa sana kwa muda wa miaka. Zizi gani la mbuzi au sungura lingetosha? Ni utando na damu ya kichinjioni vilivyoiwezesha kazi ile. Kwa hiyo njia iliyomwondolea mnyama mateso ndiyo iliyokuwa pia rahisi zaidi, na ndiyo iliyowapa wafugaji wa Unguja faida.

KUPE NI MGUMU KULIKO MBUNG'O

Pengine utauliza: kama ni hivyo, mbona kupe nao wasilishwe kwa utando, na sungura wote wafunguliwe?

Swali hili ni zuri, na jibu lake liko katika tabia ya kupe. Mbung'o hunywa kwa dakika chache na kuondoka. Mbu vivyo hivyo. Lakini kupe akishika hakai dakika, hukaa siku. Hujifunga kwenye ngozi kwa kitu kama saruji, hutema mate, hunyonya polepole, na jike hushiba kabisa mwishoni mwa siku hizo ndipo akaanguka kwenda kutaga mayai yake kwa maelfu. Damu iliyowekwa chini ya utando kwa muda huo wote itaoza isipobadilishwa mara kwa mara na kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Tena kupe hashiki mahali popote tu. Anataka joto, anataka harufu ya mnyama, na anapenda kusikia manyoya chini ya miguu yake.

Hata hivyo kazi hiyo imekwisha kufanyika, na imefanyika hapa hapa Kenya. Mwaka 1991 mtaalamu S. M. Waladde na wenzake wa ICIPE walitangaza kwamba wamefaulu kuwalisha kupe wa masikio kupitia utando mpaka wakashiba. Miaka michache baadaye, Waladde na wataalamu wengine walikwenda mbele zaidi. Walichukua kupe ambao hawajakomaa, wakawalisha kwa utando damu yenye vijidudu vya ndigana. Kupe wale walipokomaa wakawekwa juu ya ng'ombe, na ng'ombe wakapata ndigana. Maana yake ni kwamba kupe aliyelishwa kwa utando anaweza kuchukua ugonjwa na kuupitisha sawasawa na kupe wa malishoni. Baadaye, huko Neuchâtel, Uswisi, Kröber na Guerin walitengeneza utando wa silikoni unaofaa kupe, na kwa huo dawa za kupe huweza kujaribiwa bila kumbandika kupe juu ya mnyama.

Lakini kulisha kupe mia katika sahani si sawa na kulisha kupe laki kadhaa. Hapo ndipo tunapofikia habari ya chanjo.

HESABU YA CHANJO YA NDIGANA

Chanjo ya ndigana kali ilitengenezwa Muguga katika miaka ya 1970. Huitwa mchanganyiko wa Muguga kwa sababu ina namna tatu za vijidudu vya ndigana. Ndama huchomwa sindano ya vijidudu vilivyo hai, na wakati ule ule huchomwa sindano ya dawa ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Ugonjwa huja kidogo na kuzuiliwa, na mwili wa ndama hupata kinga inayoweza kumlinda maisha yake yote.

Vijidudu hivyo hupatikanaje? Ng'ombe huambukizwa ndigana. Kupe wasiokomaa hunyonya damu yake wakati vijidudu vimejaa. Kupe hao wakikomaa, hutiwa katika mifuko juu ya masikio ya sungura kwa siku 4, ili vijidudu viive katika tezi zao za mate. Kisha kupe hutolewa, husagwa, na majimaji yao huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, ambayo ni baridi kupita barafu yoyote unayoijua.

ILRI imeeleza kwamba kutengeneza dozi milioni 1 huchukua miezi 18, na huhitaji ng'ombe 130, sungura 500, na kupe wasiopungua 600,000. Tugawe hesabu hiyo. Sungura mmoja ametoa dozi 2,000. Ng'ombe mmoja ametoa dozi karibu 7,700.

Ndugu mkulima, usiipite hesabu hiyo haraka. Mtu mmoja atasema: sungura 500 ni kitu gani mbele ya ndama milioni 1 waliookolewa na kifo kibaya? Mwingine atasema: mateso ni mateso, hata kama ni ya sungura mmoja. Wote wawili wanasema jambo la kweli. Ndama anayekufa kwa ndigana huteseka sana, na mwenye shamba hupoteza maziwa, karo na mbolea. Lakini ukweli huo haumpi mtu ruhusa ya kutumia sungura 500 kama angeweza kutumia 300, wala kutumia 300 kama utando ungeweza kuifanya kazi yote. Chanjo hii bado hutengenezwa kwa ng'ombe na sungura, na ndiyo sababu wataalamu hawana budi kuendelea kutafuta.

MAMBO MATATU

Mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kitabu kilichotoa kanuni tatu zinazofuatwa leo na maabara za dunia nzima. Ni nyepesi kukumbuka.

Kwanza, BADILISHA. Kama kuna njia isiyohitaji mnyama aliye hai, itumie hiyo.

Pili, PUNGUZA. Kama mnyama ni lazima, tumia wachache iwezekanavyo, na ujue idadi yao kabla ya kuanza.

Tatu, BORESHA. Mnyama anayetumiwa apunguziwe maumivu na hofu, apate chakula, nafasi na matibabu.

Sheria ya Kenya nayo inasema. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamkataza mtu kufanya majaribio juu ya mnyama aliye hai pasipo leseni. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayomkataza mtu kumpiga punda wake kupita kiasi au kumwacha mnyama wake bila maji. Daktari wa maabara na mwenye punda wako chini ya sheria moja.

YAKUPASAYO WEWE

Usiseme kwamba haya ni mambo ya wenye makoti meupe. Kuna mambo manne yaliyo mkononi mwako.

1. Damu inayolisha wadudu wa maabara hutoka kwa ng'ombe wa wakulima. Ng'ombe aliyetiwa dawa karibuni hutoa damu yenye dawa. Kwa mfano, dawa ya ivermektini ikiwa katika damu huweza kumuua mbung'o au mbu anayeinywa, na kundi zima lililofugwa kwa taabu likapotea. Ndiyo sababu maabara huipima damu kabla ya kuitumia. Lakini wewe na watoto wako hampimiwi nyama wala maziwa kila siku. Soma karatasi ya dawa, hesabu siku za kungoja zilizoandikwa, na usimpeleke ng'ombe kichinjioni wala usiuze maziwa yake kabla siku hizo hazijaisha.

2. Mtu akija shambani kutaka kununua au kukodi wanyama wako kwa ajili ya utafiti, muulize bila woga: Una leseni? Watatumiwa wangapi? Je, hakuna njia nyingine? Mtaalamu mwema hatakasirika kwa kuulizwa. Kama hana majibu, mwambie Afisa wa Mifugo wa wadi yako.

3. Endelea kuua kupe. Majosho mengi ya ushirika yamekufa tangu miaka ya 1990, na wakulima wengi sasa hutumia pampu ya mkono. Changanya dawa kwa kipimo kilichoandikwa, lowesha ng'ombe mwili mzima, na usisahau ndani ya masikio na chini ya mkia. Chanjo ya ndigana kali haizuii ndigana baridi, wala mkojo wa damu, wala maji moyo. Na ndama asiyeumwa na kupe ni ndama ambaye hakuna mnyama mwingine aliyehitaji kuteseka kwa ajili yake.

4. Ukiwa na ndama, mpeleke achanjwe, na umpeleke siku ile ile uliyoambiwa. Jambo hili ni kubwa kuliko unavyofikiri. Kwa miaka mingi chanjo hii imefungwa katika vijiti vidogo vya plastiki, na kijiti kimoja kina dozi 40. Kijiti kikitolewa katika naitrojeni na kuyeyuka hakirudishwi tena. Chanjo yake lazima itumiwe katika saa chache, na inayobaki humwagwa.

Mkulima wa skimu mwenye ndama wawili hawezi kumaliza kijiti peke yake. Kwa hiyo lazima majirani wakubaliane. Andikeni majina katika chama chenu cha maziwa au katika kituo cha kununulia majani chai. Hesabuni ndama mpaka watimie 40. Muiteni daktari wa mifugo siku moja, mahali pamoja, asubuhi na mapema. Mwenye ndama aliyekohoa au mwenye homa aseme mapema, kwa sababu ndama mgonjwa hachanjwi. Baada ya sindano mtazameni kila ndama kwa uangalifu kwa majuma matatu na zaidi, na mkiona tezi zimevimba sana au homa imepanda, mwiteni daktari bila kuchelewa.

Mkileta ndama 25 tu, dozi 15 zitamwagwa chini. Fedha zake zitalipwa na ninyi mliokuja. Lakini siku za sungura mwenye mfuko sikioni, na homa ya ng'ombe aliyeambukizwa ndigana, hizo zimekwisha kulipwa, na hakuna wa kuzirudisha. Mtaalamu ana wajibu wa kutafuta utando utakaomfungua sungura yule. Wewe una wajibu wa kuhakikisha kwamba alichokitoa hakikumwagika. Basi zungumza na jirani yako kabla ya juma hili kwisha, na mkaanze kuhesabu ndama.